Nguvu za kiume: niliyowaambia madereva wa Morogoro

Wengi mliokuwa safarini mmeomba maneno ya siku ile myapate kwa maandishi. Haya hapa, kama nilivyoyasema ukumbini. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliotutangulia barabarani, kaka zangu madereva, vijana wangu matandiboi na mafundi. Wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Kwanza nimshukuru mwenyekiti kwa ujanja wake. Mimi nilimpa mada inayosema "Kisukari na presha kwa wanaume". Akaisoma, akanirudishia. Akasema, "Daktari, ukija na hii utahubiria viti." Akachukua kalamu, akaandika kwenye tangazo: "Nguvu za kiume." Sasa tazameni ukumbi. Mpaka madirishani watu wamesimama! Nasema uongo, ndugu zangu?

Lakini msione mmedanganywa. Mada ya kwangu na mada ya mwenyekiti ni moja. Ninachotaka mkielewe leo ni hiki: mwanaume mwenye kitambi, homoni yake ya kiume ikishuka, mara nyingi si homoni iliyoanza kuugua. Kilichotangulia kuugua ni mwili: sukari, mafuta ya tumboni, usingizi, mishipa ya damu. Homoni imefuata nyuma. Na ukishaanza kutibu kilichofuata ukaacha kilichotangulia, umeliwa hela.

Kuliwa hela kwenyewe hakukuanzia Kariakoo. Mwaka 1889 kulikuwa na profesa mmoja huko Paris, mzaliwa wa Mauritius, jina lake Charles-Édouard Brown-Séquard. Hakuwa mganga wa kichochoroni. Alikuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na hadi leo kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaoitwa kwa jina lake. Akiwa na miaka 72 alisimama mbele ya wasomi wenzake akawaambia amejidunga majimaji aliyoyakamua kwenye korodani za mbwa na simbilisi, na sasa amerudi ujanani. Anapanda ngazi kwa kukimbia. Anafanya kazi saa nyingi bila kuchoka. Hata mkojo, alisema, unaruka mbali kuliko zamani, na aliupima umbali wake. Mnacheka? Profesa huyo, na rula mkononi!

Habari zikaenea, na madaktari wa Ulaya na Marekani wakaanza kuwadunga wateja. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1894, miaka mitano tu baadaye. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudia mapishi yake hatua kwa hatua, wakapima kilichomo. Homoni iliyokuwemo ilikuwa kidogo mno, haiwezi kumfanya mtu chochote. Sababu ni kwamba korodani hazihifadhi homoni. Zinaitengeneza na kuiachia kwenye damu saa ileile. Sasa je, zile ngazi alizipandaje? Alizipanda kwa imani. Imani ina nguvu, sikatai, ila haidumu, na haishushi sukari.

Sasa turudi nyumbani. Vumbi la Kongo. Mkuyati. Alkasusu. Karanga mbichi na nazi. Supu ya pweza saa nne usiku. Nani humu hajawahi? Msinyooshe mikono, tunarekodiwa. Supu ya pweza mimi sina ugomvi nayo, ni chakula kizuri, kunyweni. Ugomvi wangu ni na unga usio na jina, nitaufikia.

Homoni yenyewe, testosteroni, ilitambuliwa mwaka 1935. Ernst Laqueur na wenzake wa Amsterdam waliitoa kwenye korodani za mafahali, na mwaka huohuo Butenandt na Ruzicka wakaitengeneza maabara kutokana na kolesteroli. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939. Kazi yake mnaijua nusu tu. Mnajua ndevu, sauti na hamu ya tendo. Hamjui kwamba inajenga misuli na mifupa, inahimiza utengenezaji wa damu, na inasaidia misuli kutumia sukari. Ndiyo maana ikishuka inamwacha mtu mchovu, na huo uchovu unamkalisha, na kukaa kunaongeza tumbo.

Hapo ndipo naomba msimame kidogo. Simameni wote. Kila mtu ashike mkanda wake.

Kuna dereva wa semi, mtu wa miaka arobaini na kitu, wa njia ya Dar kwenda Tunduma, aliyekuja kwangu. Alipovua mkanda ili nimpime kiuno, nikauangalia ule mkanda kabla ya kumwangalia yeye. Matundu ya kiwandani yalikuwa yamekwisha. Ameongeza mawili kwa msumari wa moto, kingo zake zimeungua na kukunjamana, na la mwisho lilikuwa limeshaanza kuchanika. Tundu la zamani, lile lililochakaa kwa kuvaliwa miaka, lilikuwa limebaki mbali kule ndani. Akaniambia, "Daktari, hiki ni kitambi cha usukani, kila dereva anacho." Kiuno kilikuwa sentimita 112. Hakuja kwa sababu ya kitambi. Alikuja kwa sababu ya chumbani, na alitaka sindano.

Kaeni. Sasa nieleze kinachotokea ndani ya tumbo lile.

Mafuta ya tumboni si mzigo uliokaa kimya. Yana kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, na kazi yake ni kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni, ile homoni ambayo wanawake wanayo nyingi kuliko sisi. Mafuta yakiwa mengi, kugeuza kunakuwa kwingi. Na ubongo unaisoma estrojeni hiyo. Ninyi ni watu wa mizigo, mtanielewa: ubongo ni ofisi ya kupakia, na ofisi ikipigiwa simu kwamba mzigo umeshafika Tunduma, haipakii mwingine. Basi amri ya kwenda kwenye korodani inapunguzwa. Korodani ni nzima, hazina kasoro yoyote, ila hazijaagizwa kazi.

Kuna la pili. Mwenye kitambi, insulini yake haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo mwili unamwaga nyingi zaidi ili sukari ishuke. Insulini hiyo nyingi inalifanya ini lipunguze protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Kipimo kinashuka. Mwaka 2004 watafiti wa Buffalo, Marekani, walipima wanaume wenye kisukari cha aina ya pili wakakuta theluthi yao wana testosteroni ya chini. Theluthi! Na hapa kwetu uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kati ya watu wazima 100 wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 wana sukari ya juu, na 26 wana presha. Hesabuni wenyewe humu ukumbini.

Sasa habari njema. Kama ofisi ya kupakia ndiyo iliyodanganywa, ukiondoa uongo, inarudi kazini. Tafiti nyingi zimeshaonyesha kwamba mwanaume mnene akipunguza uzito, testosteroni inapanda yenyewe, na akipunguza sana inapanda sana. Yule dereva wangu hakupewa sindano. Tulianza na soda. Soda ya nusu lita ina gramu 50 hivi za sukari, ni zaidi ya vijiko kumi vya chai, na yeye alikuwa anakunywa moja Ruaha Mbuyuni na wali, moja Makambako, na kopo la kuongeza nguvu usiku. Wali haukuondoka, ulipungua, na maharage na mboga vikaongezwa. Foleni ya mpakani, ambayo zamani ilikuwa ya kulala kwenye kebini, ikawa ya kutembea. Ilimchukua karibu mwaka. Kilo zilipungua kama kumi, homoni ikarudi kwenye kiwango cha kawaida, na chumbani, kwa maneno yake, "si kama kijana, lakini naheshimika." Sukari haikuisha. Bado anameza vidonge vya metformini, na ataendelea kuvimeza. Sitaki kuwauzia muujiza.

Lakini subirini. Si kila kushuka ni ugonjwa, na hapa nina hadithi ya kwetu kabisa.

Pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, wanaowinda na kuchuma, na jirani yao Wadatoga, wafugaji. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya watafiti, mmoja wao Mtanzania, waliopima testosteroni kwenye mate ya wanaume wa makabila yote mawili. Kwa Wahadzabe, baba anakaa na watoto, anawabeba, analala nao. Na kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako malezi ya mtoto mdogo ni ya mama na baba yuko na ng'ombe, tofauti hiyo haikuonekana.

Mnaona? Baba wa Kihadzabe homoni yake iko chini, na hana ugonjwa wowote. Mwili unajua kuna mtoto wa kubeba. Na huyohuyo Mhadzabe anatembea na kufanya kazi za kutoa jasho zaidi ya saa mbili kwa siku, na presha kwao ni nadra hata uzeeni. Kwa hiyo kijana uliyepata mtoto mwezi uliopita, unaamka usiku kumbembeleza, hamu imepungua, usikimbilie duka la unga. Lea mtoto.

Umri nao una haki yake. Kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, testosteroni hupungua kidogokidogo, kama asilimia moja kwa mwaka. Mwaka 2010 Wazungu walitoa matokeo ya kupima wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79 katika miji minane ya Ulaya. Waliokuwa na upungufu wa kweli, yaani kipimo kiko chini na dalili za chumbani zipo zote, walikuwa kama 2 kati ya kila 100. Wawili! Sasa matangazo ya redioni yanasema kila mwanaume aliyepita arobaini amekwisha. Nani anapata faida hapo?

Nije kwenye usingizi, na hapa nawasema ninyi moja kwa moja.

Mwaka 2011 huko Chicago walichukuliwa vijana 10 wazima wa afya, wakalazwa saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Ni utafiti mdogo, sitaukuza kuliko ulivyo. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja! Uzee unahitaji miaka kumi na zaidi kufanya hivyo. Na ninyi saa tano mnazipata wapi? Dereva anayesukuma semi usiku, akishtuliwa na kopo la kuongeza nguvu, halafu akifika anachukua tramadol kwa ajili ya mgongo. Tramadol na jamaa zake wote wa ukoo wa afyuni wanazima ile amri ya ubongoni niliyoieleza. Ukiizoea, unazima homoni kwa mkono wako, na unazima na kichwa ukiwa na tani thelathini nyuma yako kwenye mteremko wa Kitonga.

Na kukoroma. Kuna kukoroma kwa kawaida, na kuna kule ambako mtu anakata pumzi, kimya, mke anahesabu, halafu anashtuka kama aliyetolewa majini. Huyo halali, hata akikaa kitandani saa tisa. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia kwenye mizani ya Mikumi, presha haishuki hata kwa dawa tatu. Kitambi kinaleta ugonjwa huo, na ugonjwa huo unaongeza kitambi.

Sasa niseme jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, hili msilisahau. Kushindwa kusimama kwa uume kunakoanza polepole kwa mtu wa makamo, mara nyingi chanzo chake ni mishipa ya damu kuliko homoni. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Sukari, presha, sigara na mafuta vinaiharibu yote kwa pamoja, lakini ipi itaziba kwanza? Ile nyembamba. Ndiyo maana tatizo la chumbani linaweza kumtangulia mshtuko wa moyo kwa miaka miwili, mitatu, hata mitano. Umepewa miaka mitatu ya kujiokoa! Wewe unaitumia kutafuta unga.

Na huo unga sasa. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekamata dawa zinazoitwa za asili, zikapimwa, zikakutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ileile ya hospitali ya kusaidia uume usimame. Ndiyo maana zingine "zinafanya kazi". Sasa fikirini mzee wa miaka 60 mwenye ugonjwa wa moyo, anatumia vidonge vya naitreti vya kuweka chini ya ulimi. Anakutana na unga huo. Presha inaporomoka ghafla, na anafia mahali ambapo familia haitaki kueleza. Sildenafili yenyewe si sumu, mimi huiandika mara kwa mara. Ila naiandika baada ya kupima moyo na kuuliza dawa nyingine unazotumia. Muuza unga alikuuliza?

Vijana wa gym, nimewaona pale nyuma mnacheka mambo ya wazee. Zamu yenu. Kuna wanaojidunga testosteroni ili misuli itoke. Ofisi ya kupakia inaona homoni imejaa damuni, inafunga mlango kabisa, na korodani zinasinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliifanyia testosteroni utafiti kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, matokeo yakatoka mwaka 1990: wengi wa waliodungwa kila wiki mbegu zao zilikwisha kabisa ndani ya miezi sita. Umesikia, kijana? Unayoitumia ili uwe dume, wataalamu waliijaribu ili wanaume wasizalishe. Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila huweza kuchukua miezi mingi, na ndoa nyingi hazina subira hiyo.

Je, sindano haina kazi kabisa? Inayo. Aliyezaliwa na korodani zisizofanya kazi, aliyeumia, mwenye uvimbe kwenye tezi ya chini ya ubongo, hao wanaihitaji na hatuwanyimi. Hata kwa wenye kitambi imejaribiwa. Huko Australia wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74, viuno kuanzia sentimita 95, sukari imeanza kupanda, wote waliwekwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi. Nusu wakaongezewa sindano ya testosteroni, nusu sindano isiyo na dawa. Matokeo yakatoka 2021. Baada ya miaka miwili, wenye kisukari walikuwa 12 kati ya 100 upande wa homoni, na 21 upande wa pili. Ni tofauti ya kweli, sitaificha. Lakini karibu mmoja kati ya watano waliopewa homoni damu yao ilikuwa nzito kupita mpaka. Na wale wasiopewa homoni, waliobaki na chakula na mazoezi tu, zaidi ya 40 kati ya 100 sukari yao ilirudi kawaida kwenye kipimo. Bila sindano! Miaka miwili baadaye, 2023, utafiti mkubwa wa Marekani wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake ulionyesha jeli ya testosteroni haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi, ila iliongeza moyo kupiga ovyo, kuganda kwa damu mapafuni, na matatizo ya figo. Hiyo ni dawa ya kusimamiwa na daktari. Haitoki dukani kwa mtu anayeuza na chaja za simu.

Namalizia na mambo ya kufanya, maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

Meza ile ya nyuma kuna utepe, mizani na kipimo cha presha. Kiuno kinapimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, umetoa pumzi, hujavuta tumbo ndani. Ndiyo, tunawajua. Shirikisho la Kisukari Duniani linaweka mpaka wa sentimita 94 kwa mwanaume, na kuna utafiti wa Waafrika wenzetu unaoonyesha hatari inaanza mapema zaidi, karibu sentimita 81. Presha ikifika 130 kwa 85, tuzungumze. Sukari ya kufunga, yaani kabla hujala asubuhi, ikifika milimoli 5.6 kwa lita, tuzungumze. Leo sukari ya kufunga hatupimi, maana nimewaona na chapati.

Kipimo cha testosteroni sikukileta hapa, kwa makusudi. Kinachukuliwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, hujala, huumwi, na hujatoka kuendesha usiku kucha, kwa sababu homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka mchana. Kikiwa chini kinarudiwa siku nyingine kabla mtu hajakwambia neno. Aliyekupima saa tisa alasiri mara moja tu akakuuzia dozi, mrudishie dozi yake.

Mtakaokutwa na kiuno kikubwa au presha, mtapewa karatasi ya kuja kliniki. Njooni na wake zenu. Habari za kukoroma kwako wewe huna, anazo yeye, na ndizo nitakazouliza kwanza. Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa, maswali yaanze. La pweza nimeshalijibu.